Injini ya Mjomba Ladislaus

Kaka Cecil mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika hivyo tu, Mama akachungulia begani kwangu akanifokea: kaka gani tena, wakati mtu amekwisha kurithi jina la marehemu mjomba wake mbele ya ukoo mzima? Basi naanza upya. Mjomba Ladislaus, shikamoo. Hujambo huko Tabora? Mkeo Furaha na wanao wazima? Joel kifua kimepona? Sisi tu wazima, goti la Mama ndilo linalomsumbua akiinama, ila mdomo hauna tatizo lolote. Anasema nimwambie kaka yake ale vizuri, amekonda kwenye ile picha. Mwenzangu, kusikia mama aliyekuzaa akikuita kaka yake, mimi mpaka leo mbavu zinaniuma. Yeye hacheki hata kidogo.

Barua hii anakuletea Hamidu jirani, pamoja na korosho tulizobangua wenyewe. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara ngapi? Nikitaja injini unakata. Barua huwezi kuikata, labda uichane, na ukiichana hutajua mwisho wake. Kwa hiyo kaa chini, kunywa chai, usome taratibu.

Ni habari ya Landrova. Najua ni yako, ilikujia pamoja na jina. Najua pia ulivyotuagiza siku ya matanga: tuifunike, tuiwashe Jumapili, na asitokee mtu wa kugusa injini, kwa sababu ndiyo iliyokuja nayo tangu kiwandani na imetuzidi umri wote. Ulisema ikitiwa injini nyingine haitakuwa tena Landrova ya marehemu Mjomba. Nilikuitikia. Nikaifunika, nikawa naiwasha kila Jumapili, kuku wakawa wanatagia chini yake.

Sasa wakaja akina mama wa Chiungutwa. Unamkumbuka Stamili, niliyesoma naye darasa moja? Ndiye mwenyekiti wao. Wanalima mboga na mihogo mpaka inawashinda, na soko zuri liko juu, Newala. Walitaka gari la kuwapandishia mizigo siku za soko, msimu mzima, na dereva waliyemtaka ni mimi. Mimi, Selestina! Stamili alisema tangu utotoni hajamwona mwanamke mwingine anayelijua gari lile. Nilipagawa, Mjomba. Leseni yangu imekaa kabatini tangu niipate, kazi yake ilikuwa kuonyeshwa wageni. Ila walinipa sharti: mvua zikikatika niwe tayari, la sivyo watamchukua mwanamume mmoja mwenye Fuso.

Nikajaribu na injini ile ile, kwa kukuheshimu wewe. Tulipofika katikati ya mlima ikachemsha, mvuke ukatoka mbele sioni njia. Na wewe unajua maji kule juu yalivyo adimu. Niligonga nyumba ya mama mmoja kuomba maji ya rejeta, akanitazama kama nimemwomba mtoto wake. Akanipa jagi moja. Likaisha, nikarudi kuomba tena, uso nimeukunja kwa aibu. Mwisho tulishuka kinyumenyume mpaka pa kugeuzia. Stamili hakunilaumu, aliufunika tu mchicha wake uliokwisha kunyauka. Ningependa angenitukana.

Nikaenda Ndanda kwa fundi Ashiru. Akafungua, akaniita nione: silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepasuka. Pale pale kwenye gereji yake kulikuwa na injini ya dizeli ya Kijapani, nzima, iliyotolewa kwenye pikapu iliyopinduka. Nikajua atanishauri niifunge hiyo. Wapi! Nilipomweleza kwamba mwenye gari hataki, akaruka upande wako. Alisema injini kama ile ndiyo aliyojifunzia kazi, na kuishusha ni kuharibu kitu ambacho hakitengenezwi tena. Nisubiri hedi nyingine iagizwe nje, hata ikichukua mwaka, kisha niendeshe polepole kwenda kanisani na sikukuu. Nikamuuliza na mlima wa Newala, na mzigo juu? Akakohoa. Akasema mlima hapana.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Na mimi, nikwambie kweli, karibu nikubali. Alikuwa ameipapasa ile injini kwa kitambaa mpaka chuma kikang'aa, nikaona mkono wa marehemu Mjomba juu ya gia, nikasikia anavyoimba tenzi za kanisa kwa sauti kubwa kuliko gari. Nililia mbele ya mafundi, sikuona haya. Nikamwambia Ashiru afunge boneti, nikaenda zangu nyumbani kumwambia Stamili amtafute mwenye Fuso.

Mama alinikuta nimejiinamia uani. Nikamweleza yote, na maneno yako nikayarudia vile vile, kwamba kikibadilishwa cha ndani, gari si lile tena. Mjomba wangu wee! Mama aliweka ungo chini. Akasema: kaka yake Ladislaus alikufa, akazikwa, ukoo ukakaa, ukamweka Cecil mahali pake. Huyo Cecil ana miguu mingine, meno mengine, na akili nyingine kabisa, hata kushika jembe hajui. Lakini yeye Mama anamwamkia kaka, watoto wa ukoo wanamwita babu, na mjane anauliza mume wake atakuja lini. Hakuna aliyesema huyu siye. Sasa Cecil huyo huyo, aliyebadilishwa kila kitu likabaki jina, ndiye anayekataza gari lisibadilishwe? Ndipo akacheka, Mama aliyekuwa hacheki, tukacheka wote mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Kesho yake tulikwenda Ndanda wawili. Mama alimwambia Ashiru maneno yale yale, na Ashiru, ambaye naye kwao Chiungutwa amerithi jina la mjomba wake, hakuwa na pa kukimbilia. Aliguna, akavua kofia, akawaita wenzake waje kushusha injini.

Ndiyo, Mjomba. Tulikwisha fanya. Usichane kwanza.

Unafikiri naandikia nyumbani Mkomaindo? Niko Newala, mezani kwa Bibi Ida, mjane wa Mjomba, mke wako huyo. Tumepanda! Stamili na wenzake nyuma juu ya mihogo, Mama mbele na goti lake kwenye mto, na gari likapanda, likapanda, halikusimama wala halikutoa mvuke. Nilikuwa nashika usukani huku napiga kelele peke yangu. Yule mama wa jagi alipotuona alitoka na maji tayari mkononi, maskini, tukamrushia fungu la mchicha badala yake. Akina mama walipiga vigelegele mpaka kwenye kona ya mwisho.

Ila sitakuficha kitu. Tulipoingia uani, Bibi Ida hakutoka. Zamani injini ile ikiwa bado mbali yeye alikuwa amekwisha injika maji ya chai. Safari hii aliendelea kufagia, alidhani ni wanunuzi wa korosho. Mpaka alipouona mlango wa gari, uliobonyea tangu enzi za Mjomba, ndipo fagio likamwanguka. Akalizunguka gari lote, akaweka kiganja juu ya boneti. Kisha akauliza anayeendesha ni nani. Nilipoteremka akanikumbatia akalia, akasema mlio ndiyo hivyo, umekwenda na mwenyewe, lakini kesho nimpeleke sokoni, akae mbele.

Sasa lililo moyoni. Siku uliyopewa jina nilipiga vigelegele kama wengine, nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Wewe kila gari lile likipanda mlima ulikuwa unatapika dirishani. Mimi ndiye niliyekaa kiti cha kushoto, nikibeba dumu, nikijifunza gia kwa kumtazama marehemu miguu. Alinifundisha kuendesha kwenye barabara ya mikorosho akaniambia nisiwaambie, mtasema anamharibu mtoto wa kike. Wazee walipogawa, hakuna aliyenitazama. Sikuwa na kinyongo na wewe, wala sina. Nilikuwa na uchungu tu, na sikuthubutu kusema. Leo nimeshika usukani nimegundua uchungu wote ulikuwa wa nini.

Injini ya zamani ni yako. Ashiru ameipaka grisi akaifunga vizuri, iko Mkomaindo chumbani kwako, hakuna atakayeigusa. Jina kaa nalo, Mjomba, linakupendeza. Gari naomba unipe mimi.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, mwambie Joel avae sweta. Mama, Bibi Ida na akina mama wote wa Chiungutwa wanakuamkia. Nijibu kwa simu, na safari hii usikate.

Mpwa wako kwa jina, mdogo wako kwa tumbo,

Selestina, dereva