Wiki Tatu Nilizokaa Nikipumua

Chumba cha nyuma, nyumbani kwetu
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako mwenye mdomo. Hujambo huko? Wifi yangu mgongo wake umepona? Na wale wanangu wawili, bado wanagombania kukaa dirishani au sasa wamekua wanajiona watu wazima? Mimi mwilini mzima. Presha inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe, lakini natembea. Nasema mwilini, kwa sababu kwingine siwezi kukudanganya.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliipata. Uliuliza mambo mengi, na mwisho kabisa ukauliza, "Na Meneja?" Jibu nimelianza mara nne nikalichana. Unanijua, mimi nikiwa na hasira najaza kurasa kumi kabla chai haijapoa. Ukiona nimenyamaza, jua nimekosa wa kumkasirikia.

Meneja, ndugu yetu, ametimiza miaka thelathini na mitatu. Bado hasemi neno. Bado anapanga viatu vya wageni mlangoni kwa ukubwa na kumsukuma anayevivuruga, kwa hiyo cheo ulichompa utotoni hajakiacha. Tangu mama atutoke, miaka miwili iliyopita, ni mimi na yeye tu humu ndani. Namwogesha, namlisha, namvalisha, halafu nampeleka kituoni ashinde huko na wenzake ili niende kazini.

Hicho kituo kilikuwa na wahudumu tisa kwa watu ishirini na sita. Mwaka jana wakabaki wanne. Tukaandika barua kudai watano warudishwe, na huna haja ya kuuliza nani aliiandika. Kamati ya kituo ikakaa, ikatafakari, ikatuletea mafunzo ya utulivu wa fikra kwa walezi wa watu wenye ulemavu wa akili. Jumamosi sita, bure, na maji ya chupa juu. Tuliomba mikono, tukapewa pumzi.

Nilikwenda ili nigombane. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki, feni moja, na mkufunzi mwembamba mwenye kengele ndogo ya shaba. Akasema tufumbe macho dakika tano, tuwepo hapa tulipo, tusimhukumu mtu wala jambo. Mzee dereva, yule mwenye binti anayependa kutoroka, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nikifumba macho dakika tano, binti yangu yuko barabara kuu."

"Ukifumbua utamkuta anaongoza magari," mshonaji aliyeketi jirani yake akamjibu. Chumba kizima kikacheka, mkufunzi naye akacheka, na hapo ndipo mimi niliposimama. Nikazungumza dakika arobaini nzima. Nikasema mtu anayezama hafundishwi kupumua, anatupiwa kamba. Nikauliza kama kamati nayo inafumba macho inapopiga hesabu ya wahudumu. Makofi yalipigwa. Karatasi tulizogawiwa nikazigeuza, na nyuma ya ukurasa wa kwanza nikaandika rasimu ya makala ya gazeti. Nilirudi nyumbani nikijiona jemadari.

Jumanne iliyofuata nilimpiga Meneja. Kofi moja, shavuni, kwa sababu alimwaga uji kwenye sare yangu ya kazi nikiwa nimeshachelewa. Hakulia. Alinitazama tu, akaenda kupanga viatu. Hili hujalijua mpaka leo, wala hakuna mtu humu mtaani anayelijua.

Kwa hiyo Jumamosi ya pili nilikwenda nikiwa mdogo kama punje. Nikafumba macho. Nikafanya zoezi tulilopewa la kumwogesha mtu wako bila kuwaza kitu kingine, kuyasikia maji, kuisikia ngozi, fikra ikitoroka unairudisha taratibu. Mdogo wangu, sina sababu ya kuwasifia watu hawa, lakini ilifanya kazi. Niligundua kwamba anapenda maji yaanzie miguuni. Miaka miwili nilikuwa namwagia kichwani huku nikipiga kelele atulie! Siku kumi na moja zikapita sijapaza sauti. Nikawa muumini, na unajua nikiamini kitu nakuwaje. Nilimhubiria hadi muuza mkaa. Mzee dereva akanicheka, "Mama Magazeti, naona leo umefungwa breki!"

Halafu Meneja akaanza kujipiga taya.

Kwa ngumi, upande wa kushoto, asubuhi na jioni. Walezi wote wanajua vipindi hivi, huja na huondoka. Zamani ningemshika mikono na kumfokea. Sasa nilikuwa na somo: tabia ikianza, usikimbilie kuizima, keti karibu, pumua, itazame ipite. Nikakaa kwenye stuli. Nikapumua. Tulipewa na daftari la kuandika kila siku, nami nikaandika kwa bidii yangu yote. "Leo mara kumi na nne. Nimetulia." "Leo mara ishirini. Hasira ilikuja, nikaiona, ikaondoka." Jumamosi ya sita mkufunzi alilisoma daftari langu mbele ya wote, kuwa mfano. Nilipigiwa makofi kwa mara ya pili katika chumba kilekile.

Jumatatu aliamka uso umevimba, mwili moto. Daktari wa meno alimfungua kinywa kwa shida akakuta jipu limekula mzizi wa jino na limeanza mfupa.

"Amekuwa na maumivu tangu lini, mama?"

Nikatoa daftari. Nilikuwa na kumbukumbu za kila siku, nikaona nitamsaidia. Akapekua, akarudi mwanzo, akapekua tena. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

"Humu kuna habari zako tu," akasema. "Zake ziko wapi?"

Sasa nakuandikia ambalo halimo hata kwenye daftari. Unakumbuka Meneja anavyoomba kitu: anakushika mkono, anaupeleka kwenye anachotaka. Wiki zile tatu alinishika mkono. Aliuweka shavuni pake. Sikuhesabu mara ngapi. Nami nikautoa polepole, kwa upole mwingi, nikaurudisha magotini kama tulivyofundishwa, nikaendelea kupumua.

Alilazwa siku tisa. Ametolewa meno matatu na kipande cha mfupa. Amepona, anakula vitu laini.

Nilipotoka hospitali nilikwenda kumrarua mkufunzi. Nilikuwa nimeshapanga maneno, na yalikuwa mazuri. Alinisikiliza mpaka mwisho huku machozi yanamtoka, kisha akaniuliza kama ile karatasi ya siku ya kwanza bado ninayo. Ninayo. Niliitafuta nikaigeuza. Upande mmoja makala yangu dhidi ya kamati, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Upande wa pili, kwa herufi kubwa: "Kabla ya yote, hakikisha hana njaa, habanwi na haja, haumwi. Utulivu wako ni wa kukusaidia umwone." Hayo aliyafundisha siku ya kwanza, saa ileile niliyokuwa nimempa mgongo naandika. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza kichwa cha mwingine.

Naweza bado kushinda mjadala huu. Wahudumu wanne kwa watu ishirini na sita, nani angemchungulia kinywani? Kungekuwa na tisa, mmoja angeona. Ni kweli, nitaiandika, na wataisoma, na wanne watabaki wanne. Lakini nyumbani hatukuwa ishirini na sita. Tulikuwa wawili.

Na sasa nimefikia jambo lenyewe. Meneja hanishiki mkono tena. Anakula nikimpa, anaoga nikimwogesha, lakini akitaka maji anasimama jikoni mpaka mtu aje, au anakwenda kwa jirani. Nikivuta stuli nikaketi, anatoka chumbani. Nimeacha zile pumzi, nimeacha na kelele pia, na sijui kilichobaki kinaitwaje. Usiku nalala vizuri, ndilo linalonitisha. Nimechoka mpaka majuto hayaniamshi.

Afisa ustawi wa jamii amekuja mara mbili. Kuna nafasi moja katika nyumba ya malezi ya kudumu, nje ya mji. Jibu linatakiwa kabla ya tarehe thelathini, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Mama alituacha sisi wawili kuwa walezi wake kisheria, kwa hiyo saini ni mbili. Nyumba hizo nimezipiga vita miaka ishirini. Niliziita stoo za watu, unakumbuka, na watu wakanipinga nikawanyamazisha. Juzi nilikwenda kuiona. Si stoo. Wala si peponi. Vitanda kumi na viwili, uzio, mpishi mwenye masihara, wahudumu watano wa zamu. Nilijaribu kuichukia nikashindwa, nikajaribu kuipenda nikashindwa vilevile.

Fomu ipo ndani ya bahasha hii. Sehemu yangu nimeshasaini. Sikusaini kwa sababu nimeamini, nimesaini kwa sababu sijiamini.

Wewe usisaini kwa posta. Najua kazi yako, najua ruhusa ni taabu, na wakati mwingine ningekushambulia kwa hilo kurasa tatu. Leo nakuomba tu. Njoo kabla ya tarehe thelathini. Mpeleke akaione nyumba ile, umrudishe, kisha ukae naye chumbani, mimi nitakuwa kwa shangazi. Kaa mpaka akushike mkono. Mkono wako wewe hujawahi kumnyang'anya. Popote atakapoupeleka, iwe mlangoni au kitandani kwake, hilo ndilo jibu, na nitalikubali hata likinitoa humu ndani mimi. Mimi namlea, nimemwandikia barua, nimemsemea kwenye mikutano, na katika yote hayo sijawahi kumuuliza.

Shangazi anakusalimu, anasema amezeeka na hataki kusubiri. Mjomba fundi saa naye anakusalimu na kuulizia ile miwani uliyomwahidi. Nisalimie wifi, wabusu watoto kwenye mapaji ya uso. Mungu akulindie nyumba yako, akupe subira ambayo mimi niliifanyia mazoezi nikaikosea matumizi.

Akupendaye, na hana la kujitetea,
Dada yako