Biel na Dirisha la Sant Serni

Queralt, pokea simu! Basi soma tu ujumbe huu.

Biel alinasa kichwa kwenye dirisha la kanisa la Sant Serni. Lile la nyuma ya altare, ambalo mwalimu wetu wa masomo ya jioni alisema ndani ni pana kama faneli, nje ni mwanya tu. Nilikuwa nawaeleza wageni hayohayo, mwanangu akapanda akapenya, kichwa kikatokea nje. Hakirudi!

Tukampaka mafuta ya zeituni. Wapi! Alilia mpaka sauti ikakauka.

Ermengol, fundi wa mawe, akaja na nyundo na tindo. Remei, yule bibi anayetunza funguo za kanisa, akasimama mbele yake kuukinga ukuta: “Ng’o! Jiwe hili lina miaka mia tisa!”

“Na mtoto ana mitatu, Bi Remei,” Ermengol akamjibu. “Nani kati yao amekula chumvi ya kutosha?”

Wote wakanigeukia. Mimi, Queralt! Mimi niliyepita nyumba kwa nyumba nikiomba saini ili pasiguswe hata jiwe moja pale.

Nikasikia mtu anapiga ukelele: “Vunja! Vunja lote!” Kumbe ni mimi.

Ermengol akamfunika kichwa kwa sweta lake, akagonga. Jiwe likapasuka. Biel akatoka, masikio mekundu: “Mama, nimeharibu?”

Nikamkumbatia huku nalia. Remei alikuwa amepiga magoti, anaokota vipande akivitia kwenye aproni. Nikadhani atanitukana.

“Acha kulia, binti,” akasema. “Hivi vitabandikwa. Kichwa cha mtoto hakibandikwi.”