Chumvi Chini ya Mdimu Wako

Mama,

Leo ni Jumatano, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa mfungo sita. Nimeswali adhuhuri, nimekaa kwenye kizingiti cha uani ulipokuwa ukichambulia mchele. Tangu tukuzike daftari langu nimelijaza kila siku, lakini wewe sijakuandikia hata mstari. Leo nakuandikia kwa kuwa naogopa, na hapa kisiwani Chula sina wa kumwambia.

Mdimu wako unakufa, Mama. Anayeuua ni mimi.

Acha nikueleze kwa mpangilio, maana nikiruka nitachanganyikiwa. Arubaini yako ilipokwisha, alikuja Omari, yule ambaye wazazi wake waliishi humu sisi tulipokuwa ukimbizini, kambini Kenya. Alisema nyumba ni yake. Baba yake ndiye aliyejenga upya ukuta wa nyuma na kuezeka, na mdimu, alisema, uliota wenyewe kutokana na mbegu iliyotupwa. Wazee wakamsikiliza. Halafu mmoja akauliza swali ambalo ungelipenda: ndimu za mti huu zina mbegu au hazina?

Nikawaambia hazina. Nikawasimulia jinsi ulivyofunga udongo kwenye tawi la mdimu wa bibi kule Kismayu, likatoa mizizi, ukalikata na kuvuka nalo hadi huku likiwa mapajani mwako, kabla ya vita. Tunda lisilo na mbegu halioti lenyewe. Lazima pawe na mkono uliopanda. Lakini wanaokumbuka ukiupanda ni wawili tu, na wote ni wa ukoo wetu. Msimu ndio kwanza ulikuwa unaanza. Wazee walipasua ndimu moja changa, ndogo kama njugu, hawakuona cha kuhukumia. Wakasema tungoje ziive, zikatwe mbele ya watu. Zisipokuwa na mbegu, mwenye mti ni wewe, na nyumba ni yetu.

Nikazihesabu. Thelathini na moja.

Nilitaka ziive upesi, Mama. Nikafungua daftari la mwaka jana, nikakuta nimeandika: "Mama kazika makapu mawili ya matumbo ya samaki, hatua mbili kutoka kwenye shina." Nikamwomba shemeji Bakari makapu mawili. Akaniletea siku hiyo hiyo kutoka kwenye mapipa anakotia papa chumvi. Nikachimba, nikafukia, nikaandika tarehe. Wewe ulikuwa ukichukua matumbo ya samaki wa asubuhi, ukiyasuuza kwa maji matamu. Hilo nilikuona ukilifanya tangu utotoni, lakini sikuliandika. Niliandika kiasi, sikuandika aina. Ulikuwa ukinicheka: "Weye na daftari lako! Daftari halitilii mchi maji." Kweli, mti haunyweshwi na daftari.

Siku ya sita ncha za majani zikawa za kahawia, kama zilizopitishwa motoni. Siku ya tisa ndimu zilikuwa kumi na tisa. Nikaonja udongo kwa ncha ya ulimi, kama ulivyokuwa ukifanya. Chumvi tupu. Nilichimbua nilichoweza, lakini chumvi ilikuwa imeshashuka, kisima chetu nacho unakijua, maji yake yenyewe si matamu. Maji ya mvua tuliyokinga birikani yamebaki ya kunywa tu.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi.

Bi Mariamu wa jirani alikuja kuomba moto, akaona majani. Akachota udongo, akaonja, akatema. "Chumvi! Omari kamwaga maji ya pwani! Mchu gani huyu, hana haya hata kwa marehemu?" Nilikuwa nimesimama na jembe mkononi. Mashimo niliyofukua yalikuwa wazi mbele yake. Hakuyatazama, kwa kuwa alikwisha kuamua. Nami nikampa moto wake, akaenda.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake mzee wa msikiti akaniuliza kama namshuku mtu. Nikainamisha macho. Sikutaja jina, Mama, lakini kuinamisha macho nako ni kusema. Tangu hapo Omari hapati mtu wa kwenda naye baharini. Juzi mkewe alifika kisimani, wanawake wakainua ndoo zao wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Ndoo yangu ilikuwa nusu.

Kikao ni kesho baada ya alasiri. Wazee wameniletea ujumbe: nikishika msahafu nikaapa kwamba si mimi wala wa nyumba yangu aliyetia chumvi, hawatangoja tena ndimu. Watamhukumu Omari kwa ubaya wake, nami nitapewa nyumba. Bakari anasema ni bahati. Yeye hajui yale makapu yalifanya nini. Namtazama akila, najiuliza kama nimwambie.

Nikisema kweli, kesi inarudi kwenye ndimu. Asubuhi hii zimebaki nne, mbichi, na majani yanaendelea kuanguka. Zikianguka hizo, sina ushahidi. Nitakwenda wapi? Kambini tena, kwenye hema? Na kaburi lako atalifagia nani? Tangu Ijumaa nimevunja vikombe viwili.

Leo baada ya alfajiri mlango uligongwa. Alikuwa Omari, na madumu mawili ya maji matamu kwenye toroli. Ameyatoa ng'ambo ya kisiwa, kwenye kisima cha mchangani. Hakunisalimu. Akayashusha, akasema, "Mimi na weye tutaonana kwa wazee. Mchi hauna makosa." Akageuza toroli, akaenda zake. Nikayaingiza madumu uani, nikafunga mlango.

Maji nimeyamimina, polepole, kuzunguka mizizi, mpaka tone la mwisho. Sijui kama yatatosha. Udongo bado una chumvi, nimeonja sasa hivi.

Mama yangu, uliyenibeba mgongoni tukikimbia na ukanirudisha kwetu kwa mkono wako, Mungu akupanulie ulipolala. Sikuombi unisaidie, najua mambo ya huku si yako tena. Nakuahidi hili tu: kesho, kabla msahafu haujafika mikononi mwangu, nitasimama niseme makapu yalikuwa mangapi, yalitoka wapi, na nani aliyeyafukia. Nitamtazama mke wa Omari nikisema. Wakinitoa, nitatoka.

Ni mimi, mwanao,
Mwanaesha