Furu wa Kurasa Tatu

Kirumba, Mwanza
Jumapili

Kaka yangu Owiti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Shirati, wewe, wifi Dorcas na watoto. Sisi hatujambo, ila mwanangu Precious ana mafua kidogo. Macho yanaendeleaje? Wifi aliniambia kwamba siku hizi hata maandishi makubwa yanakushinda, kwa hiyo yeye ndiye atakayekusomea. Wifi, soma polepole, usiruke kitu.

Juzi niliingia duka la vitabu kumnunulia Precious madaftari. Nikaona kitabu cha katuni, toleo jipya kabisa, na kwenye jalada msichana mwembamba mwenye magamba mabegani anachomoka majini. Nilimtambua kabla sijasoma jina. Alikuwa Furu, yule shujaa wetu wa ziwani. Muuzaji alishangaa, maana wateja wake huulizia wale mashujaa wakubwa tu. Nikamwambia huyu nimekua naye.

Unakumbuka nilivyovunjika paja, nikalazwa hospitali mguu ukiwa umening'inizwa. Nilikuwa na miaka sita, sijui kusoma. Mama alikuwa anauza samaki sokoni Mwaloni ili tule, basi ulikuja wewe ukitoka shule, na lile gazeti la katuni lililochakaa. Ulikaa ukingoni mwa kitanda ukanisomea jinsi Furu alivyoinua mtumbwi uliopinduka karibu na Ukerewe, na alivyobishana na mamba mpaka mamba akachoka. Watoto wa vitanda vya jirani walinyamaza wasikie. Siku nesi alipokuja kunisafisha kidonda ulisema Furu naye huumia, hupiga kelele, kisha huendelea kuogelea. Nikapiga kelele kweli.

Sasa sikiliza. Mwishoni mwa toleo hili mchoraji anaeleza kwamba amemrudisha shujaa aliyesahaulika, ambaye zamani alitokea mara moja tu, kurasa tatu, wala hakupewa neno hata moja la kusema. Kurasa zenyewe wamezichapa tena. Furu anaogelea, anamwokoa mvuvi mmoja, anazama zake. Basi.

Muuzaji alinisogezea kiti. Hakuna Ukerewe, hakuna mamba. Kaka, ulikuwa na miaka kumi na miwili, na kila jioni ulifungua kurasa zilezile, ukapitisha kidole kana kwamba unafuata mistari.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Nilimsikia daktari akimwambia mama kwamba huenda mguu ukakatwa, nikaamua nisile tena. Uji nilikuwa namwaga chini ya kitanda. Kisha jioni moja ulimwacha Furu amenaswa wavuni, ukafunga gazeti, ukasema, "Kesho nitamalizia." Asubuhi nilikunywa uji wote. Nilitaka kuifikia hiyo kesho.

Mguu ulipona, kama ujuavyo, na mimi sikukushukuru. Nilidhani wa kushukuriwa ni aliyeandika. Kumbe aliyetunga ni wewe. Asante, kaka. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatisha kwa utani.

Jumamosi tutakuja, mimi na Precious. Nitakusomea hilo toleo lote na kukueleza picha moja moja. Mahali mchoraji alipokosea, utanisimamisha na kusimulia ilivyokuwa.

Wasalimie wanangu hapo nyumbani. Wifi, Mungu akubariki kwa kumsomea kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Ajwang