Zuhura Ndiye Aliyekuosha

Bi Tatu,

Nilitaka kuanza na shikamoo kama tulivyozoea pale uani, ila nani ataniitikia marahaba? Basi nisome hivyo hivyo. Ni mimi Mama Zuhura, wa chumba cha pili. Lile darasa la saba ulilokuwa ukilicheka, leo linakuandikia.

Aliyekuosha ni Zuhura. Binti yangu. Na ndiye aliyeongoza, wale wengine walikuwa wanamimina maji tu.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipomchukua akusaidie kuosha maiti kule Ilala? Kopo lilimponyoka, akatoka mbio, akaanguka katikati ya wafiwa. Ukamfuata mpaka mlangoni ukasema mbele za watu, "Huyu mpelekeni akauze vitumbua. Maiti haoshwi na mwoga." Mara ya pili alifunga sanda, vifundo vikafunguka wakati wa kumwinua marehemu. Ukamfukuza. Nikalia mimi, si yeye.

Yeye aliniambia, "Mama, lala."

Nikalala. Ramadhani mpaka Ramadhani, kila nikirudi kutoka kwenye kibanda changu cha vitenge Kariakoo, nalala mkekani nakuwa maiti. Ananigeuza ubavu wa kulia, wa kushoto, ananiviringisha shuka, anafunga, anafungua, anafunga tena. Na uzito wangu unaujua. Siku moja mpangaji mpya akaingia kuomba kiberiti, akanikuta na pamba puani. Alipiga yowe mpaka wenye maduka ya barabarani wakaja kutoa pole. Nilipopiga chafya walikimbia wote, lakini vifundo havikufunguka hata kimoja.

Sasa sikia. Ulipofariki, wanao walimfuata Zuhura, maana habari ya vifundo vyake ilishafika kila mlango. Nikamvuta pembeni nikamwambia, mwanangu, angalia vizuri, uje unisimulie. Sikufichi. Wewe ulimwosha mama yangu, wiki haijaisha mtaa mzima unajua alikuwa na hirizi kiunoni. Miaka yote nilikuwa naisubiri zamu yako.

Alipotoka akanawa, akakaa kunywa chai. Nikamuuliza. Akasema, "Nimeona mtu aliyekufa, mama." Nikamuuliza kesho yake, na keshokutwa, nikamchinjia na kuku. Akaweka kijiko chini.

"Mama, ukiuliza tena, siku yako nitamwita mtu mwingine akuoshe."

Nimekaa na neno hilo mpaka leo. Na nimeona kisasi changu nimeshakipata, kizuri kuliko nilichokitaka. Kumimina maji na kukunja sanda alikuona wewe, akajifunzia kwenye mwili wangu mimi. Kunyamaza hakuna aliyemfundisha, si wewe, si mimi. Hapo amekushinda, Bi Tatu. Siku hizi wanamfuata kutoka Buguruni huko, wanasema yule binti mikono anayo, mdomo hana.

Lala salama, jirani yangu. Uani pametulia mno, hata wa kugombana naye sina. Kuhusu mama sijakusamehe, naogopa kukudanganya huko uliko. Ila nakuahidi sitamuuliza tena. Ulichokuwa nacho umekwenda nacho.

Lakini atakayetaka kujua nani alimwosha Bi Tatu, huyo nitamjibu, hata kama amekuja kununua kitenge tu.

Mama Zuhura