Kiti Kisicho na Zamu

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa wifi yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko hailisumbui sana goti lako. Sisi hapa hatujambo kiasi. Watoto wanakula, wanakwenda shule, na yule mdogo ameacha kuuliza baba anarudi lini. Sijui kama hiyo ni afadhali.

Tangu mazishi hujanipigia simu. Najua ulichoambiwa, maana baba mdogo alinitolea maneno palepale karakanani, watu wote wakisikia: "Fundi mzima anazikwa kwenye sanduku la sabuni, na mitiki imejaa hapa!" Ni kweli, wifi. Nilimzika kaka yako kwenye jeneza la msonobari. Mbao za mtiki zilikuwepo, nami nikakataa zisiguswe. Naomba unisikilize.

Mbao zile alizipata wewe umeshaondoka. Ni za sitaha ya meli kuukuu iliyobomolewa. Zilipoletwa nilimcheka, maana zilikuwa za kijivu kama jivu la jikoni. Akapitisha randa mara moja tu, chini ikatokea rangi ya asali. "Mama watoto, njoo unuse!" Zilinukia kama kiatu kipya cha ngozi. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeondoka kwetu bila kunusishwa ubao.

Hadithi zake nazo unazijua. Mimi nachambua mboga mlangoni mwa karakana, yeye anapiga msasa na kunieleza mti ule ulivyotoka misitu ya Asia, tembo wakikokota magogo hadi mtoni. Mabaharia waliupenda kwa sababu una mafuta ndani yake, maji hayauingii na msumari wa chuma haushiki kutu haraka. Baadaye mbegu zikachukuliwa, zikapandwa nchi nyingi. Alikuwa akisema anayeupanda akiwa mzee hatakikalia kiti cha mbao zake.

Kuna jambo moja lilinikaa. Alisema gogo bichi la mtiki huzama. Kwa hiyo wakata miti wa zamani walikuwa wakichonga gome kuzunguka shina lote, halafu wanauacha mti ufe umesimama. Unakaa hivyo miaka miwili, mitatu, unakauka, ndipo wanauangusha ukaelea. Nilimwambia ni ukatili. Siku hizi, nikijikuta nimesimama jikoni, sufuria inaungua na mimi naitazama tu, naukumbuka mti ule.

Sasa sababu yenyewe. Wiki yake ya mwisho nilikuwa namkanda miguu, akaniambia, "Msije mkanitia kwenye mtiki, nitachelewa."

"Kuchelewa wapi tena?"

"Kuwa udongo. Mtiki hauozi upesi, hata mchwa hawautaki. Nipeni msonobari nijiendee zangu. Zile mbao ni za kiti cha dada."

Nikamuuliza kiti gani. Akasema ni kiti kipana, cha kukaa watu wawili, atakutengenezea siku ukirudi. "Kiti kisicho na zamu." Nikauliza zamu gani hiyo. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Dada anaijua." Mimi siijui, wifi. Nadhani ni zamu ya kukalia kile kigoda cha karakana ya baba yenu mlichokuwa mkigombea utotoni, lakini hakuwahi kunieleza.

Hakuna mwingine aliyesikia. Tulikuwa wawili tu chumbani, ndiyo maana mbele ya baba mdogo sikuwa na shahidi. Nilisimama tu nimezishika zile mbao kama mwizi.

Kiti anakitengeneza Futi, yule fundi mfupi aliyekuwa akifanya kazi na kaka yako. Juzi gundi iligoma kushika kwa sababu ya mafuta ya ubao, Futi akakigombeza kiti: "Una kiburi kama marehemu mwenyewe!" Tukacheka. Halafu Futi akaenda kutafuta kitambaa cha kufutia.

Kikiisha nitakiweka ukumbini, chini ya dirisha. Nimewakataza watoto kukikalia, ingawa najua hawatanisikia.

Nisalimie sana shemeji na wanangu wa huko, hasa yule wa mwisho anayefanana na marehemu. Mama anakusalimu, na Futi pia. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Humu kwenye bahasha nimekutilia kipande chembamba cha mtiki kilichotoka kwenye randa, kimejikunja kama pete. Kinuse kabla hakijaisha harufu. Nguo zake zote zilifuliwa na watu kabla sijawazuia, kwa hiyo harufu iliyobaki ndiyo hii. Na siku utakapokikalia kiti chako, ukimkumbuka yeye, nikumbuke na mimi.

Akupendaye daima,
Mke wa kaka yako