Mwendo wa Bi Zuhura Mbele ya Wageni

Tononoka, Mombasa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi nje unaota jua la asubuhi, na goti limekupa nafuu kidogo. Mimi ni mzima. Joto limezidi, shati la asubuhi halifiki adhuhuri.

Kaka Mwakio ameniandikia kwamba umekubali kuhama Taita uje ukae nami huku. Hakuandika ulisema nini. Kwa hiyo, kabla hatujapanga safari, nikueleze yaliyotokea juzijuzi huko Kibokoni, Mji wa Kale.

Gazeti ninaloliandikia limenipunguzia kazi, basi asubuhi namsaidia daktari mmoja, mwanamke kijana aitwaye Mueni. Anachunguza jinsi mwili unavyobadilika uzeeni: kwa nini mzee mmoja anapanda ngazi na mwenziwe hawezi. Utafiti ndio kwanza unaanza. Anataka kujua kama vipimo vyake vinafaa kwa wazee wa hapa kabla ya kwenda mbali zaidi. Mimi namfikisha kwenye nyumba za Mji wa Kale, nawaeleza wenyewe tunalotaka, na kuandika wanayosema.

Juzijuzi tulikuwa kwa Bi Zuhura, mjane anayeishi peke yake ghorofani. Ngazi yake ni ya mawe, imesimama wima, na cha kushikia ni kamba tu. Mwanawe, Salim, alikuja kwa gari kutoka Kizingo, ana nyumba kubwa huko. Amekuwa akimwomba mamake ahamie kwake, naye amekuwa akikataa. Siku hiyo Salim alitaka kuona vipimo kwa macho yake.

Bi Zuhura aliambiwa ainuke kitini bila kushika kitu. Aliinuka polepole, akiweka sawa mtandio wake. Kisha daktari akamwambia atembee ukumbini kama kawaida yake. Mama, alitembea kama aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Daktari alisimamisha saa yake, akaandika.

Salim ndiye aliyesema. "Mwaona wenyewe. Mama, mambo yameisha. Ijumaa nakuja kukuchukua."

Bi Zuhura alitazama dirishani. Kutoka chini, jirani mmoja alikuwa akimwita aseme kama anataka mboga.

Tuliaga. Tulikuwa tumefika mlango wa chini, Salim akitafuta funguo za gari, tuliposikia kandambili zikishuka mbio nyuma yetu. Alikuwa Bi Zuhura, ameshika sinia la kahawa na mahamri kwa mikono miwili. Kamba hakuigusa. Alitupita, akasimama mlangoni.

"Mwenda wapi na midomo mikavu? Mwataka nyumba yangu ipewe jina gani?"

"Mama!" Salim alishika kichwa. "Kumbe ulikuwa ukitufanyia mzaha kule juu?"

"Mzaha gani? Kaniambia nitembee kama kawaida yangu. Mbele ya mwanamume mgeni, kawaida yangu ndiyo ile. Wataka nikimbie kama kuku?"

Mwanamume mgeni ni mimi, Mama. Daktari alinitazama, kisha akacheka hadi akakaa kwenye ngazi.

Lakini nikuandikie yote. Bi Zuhura alipolitua sinia, alishika goti, akafumba macho, akahema. Salim aliliona hilo pia.

"Si hilo lauma?" alimwuliza, sauti imeshuka.

"Lauma, sikatai. Lauma hapa, na Kizingo litauma vile vile. Ila hapa nikiumwa, kuna wa kuniita dirishani. Kwako nyote mwatoka kwa magari, nibaki naongea na geti?"

Salim alimgeukia daktari. "Wewe wasemaje?"

"Sikuja kuamua mtu akae wapi," Mueni alisema. "Utafiti wangu ungali mchanga, hauwezi kujibu hilo. Na kipimo cha leo nakifuta. Nitarudi na mwanamke mwenzangu."

Tulikunywa kahawa pale pale chini. Salim alimaliza kikombe chake, kisha akaanza kuupapasa ukuta wa ngazi, akiuliza seremala gani hapa mtaani anajua kutia ubao wa kushikia. Bi Zuhura alimtajia mmoja, akaongeza, "Akikutoza sana mwambie wewe mwanangu, si wa Kizingo."

Tangu hapo daktari amebadili utaratibu. Kwa akina mama naishia mlangoni. Mimi nimebakiwa na wazee wa kiume, ambao wananitania kutwa.

Sasa turudi kwetu. Mwakio ni mwana mwema, nami pia nataka uwe karibu. Lakini kukubali na kunyamaza si kitu kimoja, nami sikuwepo kuuona uso wako. Chumba kipo, ni cha chini, hakina ngazi. Ukikitaka, nitakuja kukuchukua mwenyewe. Ukitaka kubaki, nitapanda huko na fundi tutengeneze njia ya kwenda kisimani, uwe na cha kushika.

Nisalimie kaka Mwakio na mkewe, shangazi anayesuka vikapu, na mwalimu wa katekisimu aliyenifundisha kusoma.

Unajua kuandika, Mama. Nijibu kwa mkono wako: wewe unataka nini?

Mwanao akupendaye,
Mwadime